Kitabu kilekile, majalada mawili: duka la Kiingereza linavyoishi katikati ya Paris

Simama mbele ya rafu za riwaya katika duka la Shakespeare and Company, namba 37 rue de la Bûcherie, ng'ambo ya mto kutoka kanisa la Notre-Dame. Utaona riwaya ileile imepangwa mara mbili. Nakala moja ni ndogo, ya kuingia mfuko wa koti. Nyingine ni pana, ina jalada tofauti, na pengine kingo za kurasa zake zina mikwaruzo kama karatasi iliyochanwa kwa mkono. Bei zake pia hazilingani. Wageni wengi hudhani moja ni nakala bandia, au kwamba muuzaji amekosea stika. Zote ni halali, na mwenye kuelewa kwa nini zimekaa bega kwa bega ameshaelewa nusu ya biashara ya kuuza vitabu vya Kiingereza katika mji wa Wafaransa.

Kabla ya kufika huko, kuna fundo moja la kufungua, kwa sababu hata vitabu vya mwongozo wa watalii hulichanganya.

Jina moja, maduka mawili

Duka lililomchapa James Joyce, mwandishi wa Ireland wa riwaya ya *Ulysses*, silo hili lililopo leo. La kwanza lilifunguliwa tarehe 19 Novemba 1919 na Sylvia Beach, Mmarekani, katika kichochoro cha rue Dupuytren. Mwaka 1921 alilihamishia namba 12 rue de l'Odéon, karibu uso kwa uso na duka la rafiki yake Adrienne Monnier aliyeuza vitabu vya Kifaransa. Lilifungwa mwaka 1941 wakati wa utawala wa Wajerumani, Beach akawekwa kizuizini kwa miezi kadhaa, na hakulifungua tena.

La pili lilianza mwaka 1951, ng'ambo ya mto kutoka Notre-Dame, likiitwa Le Mistral. Mwenyewe alikuwa George Whitman, Mmarekani pia. Jina la Shakespeare and Company alilichukua mwaka 1964, mwaka wa 400 tangu Shakespeare azaliwe, miaka miwili baada ya Beach kufariki. Whitman alifariki mwaka 2011, na duka likabaki mikononi mwa binti yake, Sylvia Whitman, aliyepewa jina la mwanzilishi wa lile la kwanza. Kwa hiyo anayetaka kuona mahali *Ulysses* ilipotolewa aende rue de l'Odéon. Ile nyumba ya rue de la Bûcherie ina historia yake yenyewe na haihitaji kuazima ya jirani.

Duka la Beach lilikuwa zaidi la kuazimisha kuliko kuuza, na sababu yake ilikuwa hesabu. Vitabu kutoka London na New York vililipiwa kwa pauni na dola. Msomaji wa Paris alikuwa na faranga zilizodhoofika baada ya vita. Akigeuza bei, kitabu kinamshinda. Beach akaweka ada ya uanachama na amana, msomaji akawa anachukua kitabu na kukirudisha. Kadi za waazimaji wake zimehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Princeton.

*Ulysses* nayo ilitoka kwa mpango wa fedha ambao mfanyabiashara yeyote mdogo ataufahamu: mteja aagize kwanza, kazi ifuate. Beach alichapa fomu ya oda yenye madaraja matatu: nakala 100 za karatasi ya Uholanzi zenye sahihi ya Joyce kwa faranga 350, nakala 150 za karatasi ya Arches kwa faranga 250, na nakala 750 za karatasi ya kawaida kwa faranga 150. Mpiga chapa, Maurice Darantiere wa Dijon, alikubali kulipwa kadiri fedha za oda zinavyoingia. Mafundi wake walipanga herufi za lugha isiyo yao, huku Joyce akiongeza maneno hata kwenye kurasa za kusahihishia. Makosa yakawa mengi kiasi kwamba kitabu chenyewe kilibeba ombi la radhi kwa msomaji. Kilitoka tarehe 2 Februari 1922, siku Joyce alipotimiza miaka 40.

Tatizo la Beach, yaani kununua kwa sarafu moja na kuuza kwa nyingine, halijaondoka.

Nani anaruhusiwa kuuza nini, na wapi

Mwandishi wa Kiingereza mara nyingi huuza haki za kitabu kimoja mara mbili: kwa mchapishaji wa London na kwa mchapishaji wa New York. Kila mkataba unataja nchi. Kwa desturi, London hupata Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola. New York hupata Marekani na, kwa sababu za historia ya kikoloni, Ufilipino. Wachapishaji wa Uingereza waliwahi kuugeuza mgawanyo huu kuwa makubaliano rasmi mwaka 1947. Serikali ya Marekani ikaupeleka mahakamani kama njama ya kuzuia ushindani, na mwaka 1976 ukavunjwa. Makubaliano yalikufa, mazoea yakabaki ndani ya mikataba. Ndiyo maana msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam akinunua riwaya mpya ya Kiingereza, karibu kila mara anashika toleo la London, hata mwandishi awe wa Chicago.

Ufaransa haiko upande wowote. Katika mikataba mingi bara la Ulaya ni soko la wazi, na wachapishaji wote wawili wanaruhusiwa kuuza humo. Hapo ndipo yale majalada mawili yanapozaliwa. Mnunuzi wa duka anatazama mambo manne: toleo lipi limetoka mapema, lipi lina punguzo zuri, lipi lina gharama ndogo ya usafiri, na lipi wateja wake wanalipenda kwa macho. Mmarekani aliye likizoni mara nyingi hutaka lile jalada alilolizoea kwao. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Sorbonne hutaka lililo rahisi.

Mfano wa karibu kwetu ni Abdulrazak Gurnah. Riwaya yake *Afterlives* ilitolewa London na Bloomsbury mwaka 2020. Tuzo ya Nobel ikaja Oktoba 2021. Toleo la Marekani la Riverhead lilitoka Agosti 2022. Kwa karibu miaka miwili, rafu ya Paris haikuwa na chaguo: ni toleo la London au hakuna. Duka lililozoea kuagiza Marekani peke yake lingebaki mikono mitupu katika wiki ambayo kila mteja aliingia akitaja jina la Mzanzibari huyo.

Kuna toleo la tatu ambalo wasomaji wengi hawalijui. Uingereza hutoa riwaya kwanza kwa jalada gumu, na jalada laini hufuata baada ya takriban mwaka. Lakini kwa ajili ya viwanja vya ndege na nchi za nje, wachapishaji huchapa pia jalada laini kubwa, lenye kurasa za ukubwa uleule wa jalada gumu, linalotoka siku ileile. Msomaji wa Manchester hulisubiri kwa mwaka mzima kitabu ambacho mwenzake wa Paris ameshakinunua kwa jalada laini. Ni moja ya faida chache za kuwa mgeni, na duka la Kiingereza lililo nje ya Uingereza likijua kazi yake hulitumia vizuri.

Hesabu ya kitabu kimoja

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Kitabu kimechapwa bei ya pauni 10.99. Duka linanunua kutoka kwa muuzaji wa jumla kwa punguzo la asilimia 40, kwa hiyo linalipa pauni 6.59. Tuseme pauni moja ni yuro 1.17: hiyo ni yuro 7.71. Weka senti 50 za usafiri. Duka linabandika stika ya yuro 15. Ndani ya hizo 15 kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa vitabu Ufaransa ni asilimia 5.5, hivyo senti 78 ni za serikali. Zinabaki yuro 14.22. Toa 7.71, toa 0.50. Umebaki na kama yuro 6.

Hizo 6 ndizo za kulipa pango, mishahara na michango ya wafanyakazi (ambayo Ufaransa ni mizito), umeme, mashine ya kadi, na vitabu vinavyoibwa. Pauni ikipanda kutoka 1.17 hadi 1.22 kati ya siku ya kuagiza na siku ya kulipa ankara, senti 33 zimeyeyuka kabla kitabu hakijafunguliwa. Zidisha kwa katoni mia.

Sasa ingia sheria ya Ufaransa ya bei moja ya kitabu. Ilipitishwa tarehe 10 Agosti 1981 na hufahamika kwa jina la waziri wa utamaduni wa wakati huo, Jack Lang. Inamtaka anayechapa au kuagiza kitabu kutoka nje apange bei ya rejareja, na muuzaji yeyote, awe supamaketi au kibanda, haruhusiwi kuipunguza zaidi ya asilimia 5. Watu wengi huishia hapo na kusema: basi maduka madogo yamelindwa. Kwa vitabu vya Kifaransa, ni kweli. Kwa vya Kiingereza, soma tena neno *kuagiza*. Duka linaloleta vitabu lenyewe kutoka ng'ambo ndilo mwagizaji, na ndilo linalopanga bei. Linapata uhuru, lakini linapoteza ukuta, kwa sababu mwagizaji mwingine mkubwa anaweza kupanga bei ya chini kwa kitabu hichohicho.

Kilichosaidia kidogo ni sheria mbili za baadaye. Ya mwaka 2014 ilikataza kutoa lile punguzo la asilimia 5 kwa vitabu vinavyopelekwa nyumbani. Ya Desemba 2021 ililazimisha ada ya kupeleka kitabu kipya, na tangu tarehe 7 Oktoba 2023 ada hiyo si chini ya yuro 3 kwa oda isiyofika yuro 35. Kabla ya hapo, makampuni makubwa ya mtandaoni yalikuwa yakitoza senti moja. Mteja wa kitabu kimoja sasa ana sababu ya kutembea hadi dukani.

Vitabu vilivyotumika havimo ndani ya sheria ya bei, na kodi yake inaweza kutozwa kwenye faida tu badala ya bei nzima. Kitabu kilichonunuliwa yuro 1 na kuuzwa 5 huacha faida ambayo kipya hakiwezi kuifikia. Ndiyo maana karibu kila duka la Kiingereza katika mtaa huu huchanganya vyote viwili, au huuza vya mtumba peke yake. Masharti yapo: anayenunua vitu vilivyotumika kutoka kwa watu kwa ajili ya kuuza anatakiwa kutunza daftari maalumu lenye utambulisho wa kila aliyemuuzia, na bei ya kitabu cha zamani ioneshwe kwa namna isiyochanganyika na ya kipya. Ukienda kuuza vitabu vyako Paris, beba kitambulisho.

Forodha, na kalenda iliyokwamisha katoni

Hadi tarehe 31 Desemba 2020, katoni ya vitabu kutoka Eastbourne, liliko ghala la muuzaji wa jumla Gardners, ilifika Paris kama inavyofika kutoka Lyon. Baada ya Uingereza kutoka katika soko la Ulaya, katoni hiyohiyo inapita forodha. Ushuru wa vitabu ni sifuri, kwa hiyo wengi walidhani hakuna kitakachobadilika. Kilichobadilika ni makaratasi. Kila ankara inahitaji namba ya forodha ya mwagizaji, thamani, uzito, nchi kilikochapwa na namba ya aina ya bidhaa.

Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa vitu vidogo. Vitabu vya kawaida viko chini ya namba 4901, na vya picha vya watoto ni 4903. Lakini kalenda ni 4910, daftari na shajara ni 4820, mfuko wa kitambaa ni 4202, na hivi vitatu vinatozwa kodi ya asilimia 20, si 5.5. Mtumaji akitupia kalenda tatu juu ya katoni ya riwaya na kuandika "vitabu", shehena nzima inaweza kusimamishwa hadi maelezo yasahihishwe. Duka makini huagiza vitabu peke yake na vikorokoro peke yake, hata kama ni kwa mtu yuleyule.

Pigo kubwa zaidi liko kwenye kurudisha. Biashara ya vitabu imejengwa juu ya kitu ambacho Waswahili wamekijua siku nyingi: mali kauli. Duka linachukua nakala 30 za riwaya mpya, likiuza 18 linarudisha 12 na kupata hesabu yake. Bila hilo, hakuna mwenye duka atakayethubutu kumwekea rafu mwandishi asiyejulikana. Lakini kurudisha nakala 12 Uingereza sasa ni kusafirisha bidhaa nje ya Ulaya: tamko la forodha Ufaransa, jingine Uingereza, na usafiri juu yake. Mara nyingi gharama inakula thamani ya vitabu vyenyewe. Kinachofuata ni kununua moja kwa moja bila haki ya kurudisha, kwa punguzo kubwa zaidi, na kuagiza kwa woga. Mteja ataona rafu zina vitabu vilevile vinavyouzika, bila kujua kwamba aliyeamua si ladha ya muuzaji, ni fomu ya forodha.

Pango katika mtaa wa watalii

Quartier Latin, mtaa lilipo duka hili, ilipata jina lake kwa wanafunzi na walimu wa chuo kikuu waliozungumza Kilatini. Rue de la Parcheminerie, kichochoro chenye duka la Kikanada la Abbey Bookshop tangu 1989, ilikuwa mtaa wa watengeneza ngozi za kuandikia. Leo mita za mraba hizohizo zinagombewa na wauza krepu (chapati nyembamba za Kifaransa), aiskrimu na fulana, ambao faida yao kwa kila mita ni kubwa kuliko ya kitabu. Village Voice, duka la Kiingereza lililosimama rue Princesse tangu 1982, lilifungwa mwaka 2012. Mwaka 2021 hata Gibert Jeune, maduka ya Kifaransa ya place Saint-Michel yaliyokuwa alama ya mtaa, yalifunga milango.

Waliobaki wanasaidiwa na mkataba wa pango la biashara wa Kifaransa, ambao mizizi yake ni amri ya mwaka 1953. Mkataba ni wa miaka 9 isiyopungua. Mpangaji anaweza kuondoka kila mwisho wa miaka 3. Mwenye nyumba hawezi kumtoa hivihivi. Akikataa kuuhuisha mwishoni mwa miaka 9, kwa kawaida anatakiwa kulipa fidia inayokadiriwa kwa thamani ya biashara anayoiua, na fidia hiyo huweza kuwa kubwa kiasi cha kumrudisha mezani. Haki hii ina bei sokoni. Anayeingia humlipa anayetoka kilemba, sawasawa na fremu za Kariakoo.

Mtego uko kwenye ukimya. Wakati wa kuhuisha, kodi ya pango huongezwa kwa kufuata faharasa rasmi tu (kipimo cha mwenendo wa bei), isipokuwa mambo fulani yawe yamebadilika. Lakini miaka 9 ikipita, mwenye nyumba asiseme kitu na mpangaji naye asiseme kitu, mkataba unaendelea wenyewe. Mpangaji anafurahi kwamba hajapandishiwa. Ukivuka miaka 12 kwa namna hiyo, kinga ya faharasa inaanguka, na kodi inaweza kupangwa upya kwa bei ya soko la mtaa. Katika mtaa wa krepu na fulana, hiyo ni notisi ya kuhama. Dawa yake ni kuomba kuhuisha kwa maandishi rasmi mara tu miaka 9 inapotimia, na wala si kungoja.

Manispaa ya Paris nayo iliona mtaa unavuja. Kupitia kampuni yake ya Semaest, ilianza kununua fremu za chini za majengo na kuzipangisha kwa wauza vitabu na wachapishaji wadogo. Ni fedha za umma, na wapo wanaonung'unika. Lakini bila hatua hiyo, jina la mtaa lingebaki kwenye vibao tu.

Muhuri, na watu wa kupiga picha

Umaarufu una gharama zake. Duka lililojaa watu wanaopiga picha ni duka ambalo msomaji hawezi kuifikia rafu. Shakespeare and Company hukataza kupiga picha ndani, na siku za msongamano huweka foleni mlangoni. Watu huliona kama jeuri, lakini ndilo jambo linalofanya uuzaji uwezekane katika vyumba vyembamba vyenye ngazi ya mbao inayopishanisha mtu mmoja mmoja. Ghorofa ya juu kuna maktaba ya kusomea. Vitabu vyake haviuzwi.

Ukinunua, mwambie mtu wa kaunta akupigie muhuri wa duka. Una maneno ya kilomita sifuri, kwa kuwa jiwe ambalo barabara za Ufaransa hupimiwa umbali liko mbele ya Notre-Dame, ng'ambo tu ya mto. Muhuri huo ni wino tu, lakini unafanya kazi ambayo hakuna punguzo linaloweza kuifanya: kitabu kinachopatikana popote duniani kinageuka kuwa kilichonunuliwa hapa. Mkahawa uliofunguliwa pembeni mwaka 2015 na mifuko ya kitambaa ni kwa hesabu hiyohiyo; kahawa haina bei iliyochapwa mgongoni.

Whitman aliacha pia desturi ya kulaza waandishi wasafiri katikati ya rafu. Malipo yao: kusaidia saa chache kwa siku, kusoma kitabu kimoja kila siku, na kuandika wasifu wao kwenye ukurasa mmoja. Duka linakadiria waliolala humo kuwa 30,000.

Udhaifu wa kutegemea wageni ulionekana mwaka 2020. Oktoba ya mwaka huo duka liliwaandikia wateja wake kwamba mauzo yameshuka kwa asilimia 80 tangu Machi. Maelfu ya oda zikaingia ndani ya siku chache, watu wa nchi za mbali wakilipa usafiri mkubwa kuliko kitabu, na wengi wakiomba muhuri.

Anayetaka kuagiza kwa barua pepe asiandike jina la kitabu peke yake, maana atajibiwa kwa swali: toleo lipi? Aandike ISBN, tarakimu 13 zilizo juu ya mistari myeusi nyuma ya jalada. Zikianza na 978-0 au 978-1, kitabu kimetoka katika nchi zinazochapa kwa Kiingereza. 978-2 ni Kifaransa. 979-8 ni Marekani. Bei ikiwa imechapwa kwa pauni peke yake, ni toleo la London. Ikiwa kwa dola, na pembeni yake dola za Kanada, ni la New York. Halafu aulize uzito kabla ya kulipa: jalada gumu la kurasa 500 hukaribia kilo moja, na posta hupima gramu, haisomi riwaya.